Boto3 imesasishwa, programu imegoma: dalili, chanzo na dawa

"Kaka, mimi sijagusa kitu tangu Ijumaa."

Ujumbe huo niliupata Jumatatu moja asubuhi kutoka kwa kijana tunayefanya naye kazi, na alikuwa anasema kweli. Msimbo haukuguswa. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa requirements.txt (faili la orodha ya maktaba ambazo programu inahitaji) ulioandikwa `boto3` tu, bila namba ya toleo. Usiku wa Jumapili kontena lilijengwa upya, pip (kisakinishi cha maktaba za Python) ikachukua toleo jipya kuliko yote, na kulipokucha ripoti za wateja zilikuwa hazifunguki.

Boto3 ni SDK (maktaba ya zana) ya Python ya kuzungumza na AWS, huduma za wingu za Amazon, na hutoa toleo jipya karibu kila siku ya kazi. Kwa kasi hiyo, chochote kinachoharibika kitakuwa kimeharibika "baada ya sasisho", hata kama sasisho lenyewe halina kosa. Mimi nimeshapoteza siku nzima nikirudisha matoleo nyuma moja baada ya jingine, kumbe saa ya mashine ndiyo iliyokuwa imepotea. Kwa hiyo sikuhizi sigusi dawa kabla ya kupima.

Kwanza jua ni toleo gani linalofanya kazi, na liko wapi

Endesha mstari huu mahali palepale palipoharibika. Si kwenye kompyuta yako ya mezani; ndani ya kontena, ndani ya seva, au uchapishe taarifa hizi kwenye mwanzo wa kazi yako ya Lambda (huduma ya AWS inayoendesha msimbo bila wewe kutunza seva):

```
python -c "import sys, boto3, botocore, urllib3; print(sys.version); print(boto3.__version__, boto3.__file__); print(botocore.__version__, urllib3.__version__)"
```

Tazama njia ya faili kwa makini kuliko namba. Mara nyingi nimemkuta mtu amesasisha boto3 vizuri kabisa, ila kwenye Python nyingine. `pip` ya kwenye terminali ni ya mfumo, huku programu inaendeshwa na Python ya mazingira pepe (venv). Zoea kuandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake, na nusu ya kesi hizi hutaziona tena.

Jambo la pili: boto3 yenyewe ni ganda jembamba. Kazi ngumu inafanywa na botocore: kutia saini maombi, kujaribu tena yanaposhindwa, kusoma majibu. S3transfer inashughulikia kupandisha na kushusha mafaili makubwa, na urllib3 ndiyo inayofungua njia ya mtandao. Boto3 1.36.0, kwa mfano, inadai botocore kuanzia 1.36.0 na isiyofika 1.37.0. Tangu mwishoni mwa 2023, toleo la 1.33, namba za boto3 na botocore zinakwenda pamoja. Kabla ya hapo hazikulingana: boto3 1.28 ilikuwa na mwenzake botocore 1.31. Ukiona tofauti ya namna hiyo kwenye mradi wa zamani usishtuke. Ukiiona kwenye mradi wa leo, shtuka.

Kisha linganisha orodha ya `pip freeze` ya siku programu ilipokuwa nzima na ya leo. Kama hukuitunza ya zamani, iko kwenye logi za ujenzi wa kontena, pale pip inapoandika "Successfully installed".

Hapo ndipo unapofungua CHANGELOG ya botocore, yaani orodha ya mabadiliko ya kila toleo. Usiisome yote, utachoka. Mistari mingi imeandikwa `api-change`, maana yake huduma fulani imeongezewa kigezo au maelezo yake yamerekebishwa. Hiyo ni nadra kuvunja programu ya mtu. Ruka uende kwenye `bugfix`, `enhancement` na `feature`. Na ukiona namba ya kati imepanda, kutoka 1.35 kwenda 1.36, soma neno kwa neno. Wengi tunadhani namba ya kati ikipanda ni nyongeza tu isiyovunja kitu. Kwenye SDK hii, tabia ya chaguo-msingi inaweza kubadilika hapohapo.

Faili limepanda bila kosa lolote, lakini ukilishusha limeharibika

Hii ndiyo iliyotupata Jumatatu ile, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi kwa sababu dalili zake hazifanani.

Januari 2025, kuanzia 1.36.0, boto3 ilianza kuweka namba ya uhakiki aina ya CRC32 kwenye kila faili linalopandishwa S3 (ghala la mafaili la AWS), hata kama hukuiomba. Lengo ni zuri: upande wa pili ukokotoe upya namba hiyo na kukataa data iliyoharibikia njiani. S3 yenyewe haina shida nayo. Shida iko kwa maghala mengine yanayozungumza lugha ya S3 bila kuwa S3, yale tunayoyatumia kwa sababu ya bei au kwa sababu seva iko karibu.

Kwa muunganisho wa https, namba ile haiwekwi kwenye kichwa cha ombi. Inakuja mkiani, baada ya data, na data yenyewe inakatwa vipande, kila kipande kikitanguliwa na urefu wake. Ghala lisiloelewa mtindo huo hufanya moja kati ya mambo mawili. La kiungwana ni kukataa: utapata `NotImplemented` na maneno "A header you provided implies functionality that is not implemented", au `MissingContentLength`, au `XAmzContentSHA256Mismatch`. La hatari ni kupokea kila kitu kama kilivyo na kukihifadhi. Sisi tulifungua CSV ya baiti 420 tukakuta mstari wa kwanza si majina ya safu bali herufi tatu, `1a4`. Hiyo ni 420 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Na chini kabisa ya faili kulikuwa na sifuri, kisha mstari unaoanza na `x-amz-checksum-crc32:`. Excel ya mteja iliifungua hivyohivyo. Mhasibu wake akapiga simu kuuliza 1a4 ni akaunti gani.

Sasa kuna mtego ndani ya mtego. Kwenye http ya kawaida, namba ya uhakiki huwekwa kwenye kichwa cha ombi na data haikatwi. Kwa hiyo ukijaribu nyumbani kwa ghala la majaribio kwenye `http://localhost:9000`, kila kitu kinapita salama. Ukipeleka hewani kwenye https, kinavunjika. Tulizunguka saa mbili tukisema "mbona kwangu inafanya kazi".

Dawa ni kuiambia SDK iweke namba hiyo pale tu inapolazimika:

```
from botocore.config import Config

s3 = boto3.client(
    "s3",
    endpoint_url=ANWANI_YA_GHALA,
    config=Config(
        request_checksum_calculation="when_required",
        response_checksum_validation="when_required",
    ),
)
```

Kama hutaki kugusa msimbo, au boto3 imejificha ndani ya programu ya mtu mwingine, tumia vigezo vya mazingira `AWS_REQUEST_CHECKSUM_CALCULATION` na `AWS_RESPONSE_CHECKSUM_VALIDATION`, vyote viwe `when_required`. Angalia kitu kimoja: botocore ya kabla ya mabadiliko haya haivijui vigezo hivyo ndani ya `Config` na itakurushia kosa la aina yake, kwa hiyo msimbo huu usiupeleke kwenye mashine yenye toleo la kale.

Baada ya hapo kupandisha kutapona, lakini jaribu pia kufuta mafaili mengi kwa mpigo kwa `delete_objects`. Ombi hilo ni miongoni mwa yale ambayo uhakiki ni lazima, kwa hiyo `when_required` hailiondolei chochote. Zamani SDK ilituma `Content-MD5`, sasa inatuma CRC32, na ghala linalosisitiza MD5 litakujibu kwamba kichwa hicho kimekosekana. Ukiwa na mafaili machache, futa moja moja kwa `delete_object`. Ukiwa na maelfu, kaa chini ya 1.36 kwa muda huku ukimsukuma mwenye ghala asasishe upande wake. Nasema kwa muda. Kufunga `boto3<1.36` na kuondoka ni kukopa, na deni hilo utaliona kwenye dalili nyingine hapa chini.

Yale mafaili yaliyokwishaharibika usiyatafute kwa macho. Andika programu fupi isome mstari wa mwisho wenye maandishi wa kila faili lililopanda tangu siku ya sasisho, na yoyote yenye `x-amz-checksum` uyapandishe upya kutoka kwenye chanzo.

"cannot import name 'DEFAULT_CIPHERS' from 'urllib3.util.ssl_'"

Ukiona maneno haya, usiisome tena orodha nzima ya kosa (traceback). Jibu liko hapo. Urllib3 ilitoa toleo la 2.0 Aprili 2023 na kuondoa jina `DEFAULT_CIPHERS` ambalo botocore ya wakati huo ilikuwa inalitumia. Una botocore ya zamani na urllib3 mpya.

Wanaokumbwa zaidi ni watu wa Lambda. Mazingira ya Python ya Lambda yanakuja na boto3 yake. Wewe hukuifungasha boto3, ulifungasha `requests` tu, na requests ikabeba urllib3 ya 2. Python inapotafuta maktaba huanza na kifurushi chako kabla ya kufika kwenye za mwenyeji, basi botocore ya Lambda inashika urllib3 yako wewe. Mgeni kaleta sufuria lake, halikai kwenye mafiga ya mwenye nyumba.

Kuna njia mbili. Ya haraka ni kuandika `urllib3<2` kwenye requirements.txt. Ninayoipenda mimi ni kufungasha boto3 yako mwenyewe, iliyo mpya, kwenye Python 3.10 au zaidi, kwa sababu botocore inaikubali urllib3 ya 2 kuanzia Python hiyo tu. Kifurushi kitaongezeka uzito, ni kweli, ila hutategemea tena toleo ambalo hukulichagua.

"Unknown service" au "Unknown parameter in input"

Hapa mambo ni kinyume: SDK yako imezeeka. Umesoma maelezo ya huduma mpya, umenakili mfano, unajibiwa `Unknown service: 'bedrock-runtime'` na kufuatiwa na orodha ndefu ya majina inayojaza skrini nzima.

Boto3 haijifunzi huduma kutoka mtandaoni. Kila huduma imeelezwa kwenye mafaili ya JSON yaliyomo ndani ya botocore, kwenye folda ya `data`. Ingia uone mwenyewe: S3 iko kwenye `data/s3/2006-03-01`, tarehe ya toleo la API yake. Huduma isiyo na folda humo, kwa botocore haipo duniani. Kigezo kisichotajwa kwenye faili la huduma hukataliwa na `ParamValidationError` kabla ombi halijatoka kwenye mashine yako. Ndiyo maana kosa hili linarudi papo hapo hata ukiwa umezima data ya simu. Hiyo ni namna nzuri ya kulitambua.

Dawa ni kusasisha. Na hapa ndipo wale waliofunga `<1.36` mwaka jana wanapokuja kulipa deni.

Nimesasisha, lakini namba haipandi

Unaandika `python -m pip install -U boto3`, pip inajibu "Requirement already satisfied", na toleo ni la miezi mingi iliyopita. Angalia Python yako. Boto3 iliacha Python 3.7 tarehe 13 Desemba 2023, na 3.8 tarehe 22 Aprili 2025. Pip haikwambii kwamba umeachwa nyuma. Inakupa toleo la mwisho lililokubali Python yako na kunyamaza. Onyo la `PythonDeprecationWarning` lilikuwa linajitokeza kwenye logi miezi kadhaa kabla, lakini nani husoma maonyo?

Sababu nyingine ni tegemezi mwenza aliyekushika mkono. AWS CLI ya 1 (zana ya kuamuru AWS kwenye terminali) ukiiweka kwa pip hufunga botocore kwenye namba moja kamili. Itoe humo, tumia CLI ya 2 ambayo inajitegemea na haigusi maktaba zako.

Pip inazunguka bila kumaliza

Skrini inaandika "pip is looking at multiple versions of boto3 to determine which version is compatible with other requirements. This could take a while." Kisha inaanza kushusha boto3, botocore, boto3 iliyotangulia, botocore iliyotangulia, ikirudi nyuma siku baada ya siku. Kwa maktaba inayotoka kila siku, kurudi nyuma mwaka mmoja ni matoleo mamia, na kila botocore ni megabaiti kadhaa. Ukiwa kwenye bando la simu utalia.

Chanzo karibu kila mara ni aiobotocore (botocore kwa msimbo wa async), ambayo mara nyingi huingia kimya kupitia s3fs, maktaba ya kusoma S3 kama folda ya kawaida. Yenyewe inagusa viungo vya ndani vya botocore, kwa hiyo hulazimika kufunga namba kwa ukaribu sana. Aiobotocore 2.5.0, kwa mfano, ilikubali botocore 1.29.76 pekee. Ukiandika boto3 mpya na s3fs kwenye orodha moja, pip inatafuta pa kuwakutanisha. Simamisha kwa Ctrl+C. Sakinisha `aiobotocore[boto3]` na uiache yenyewe ichague boto3 inayoendana nayo, kisha ufunge namba hizo. Uv, kisakinishi mbadala wa pip, hutatua mvutano huu kwa haraka zaidi kuliko pip, lakini haiwezi kupata suluhu isiyokuwepo.

"RequestTimeTooSkewed", na makosa mengine ya kusingiziwa

S3 hukataa ombi ambalo saa yake inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15. SDK haihusiki hata kidogo, ila kwa kuwa umesasisha jana, lawama inaangukia huko.

Kwetu Afrika Mashariki tofauti huwa saa tatu kamili, na inajulisha chanzo. Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja: Windows huandika saa ya Nairobi na Dar es Salaam kwenye saa ya maunzi, Linux ikiwaka huisoma kana kwamba ni UTC. Mpaka mtandao usawazishe, uko saa tatu mbele ya dunia. `timedatectl` itakuonyesha, na `timedatectl set-ntp true` itakutibu. Kuna siku pia nilikuta tofauti ya saa sita. Mtu alikuwa ameweka saa kwa mkono, akaandika saa nne asubuhi kama tunavyoisema sisi, 04:00.

`InvalidClientTokenId` kwenye kanda ya Cape Town, `af-south-1`, nayo inasingiziwa sana. Kanda hiyo ilifunguliwa Aprili 2020 na haiwashwi yenyewe. Mwenye akaunti lazima aiwashe kwanza. Hata ikishawashwa, tokeni ya muda iliyotolewa na anwani ya dunia nzima ya STS (huduma ya AWS ya kutoa tokeni hizo) kwa kawaida haikubaliki huko. Weka `AWS_STS_REGIONAL_ENDPOINTS=regional`, na uhakikishe mteja wako wa STS ametengenezwa kwa jina la kanda ileile.

`NoCredentialsError` baada ya sasisho: tafuta kwanza kama kontena jipya bado linapokea vigezo vya mazingira. Sijawahi kukutana na moja iliyosababishwa na boto3 yenyewe.

Kama hakuna kilicholingana

Washa logi kamili mwanzoni mwa programu:

```
boto3.set_stream_logger("")
```

Utaona kila ombi linavyojengwa, vichwa vyake, anwani linakokwenda na jibu lililorudi. Endesha mara mbili, kwa toleo la zamani na kwa jipya, kila moja kwenye mazingira pepe yake, uhifadhi mafaili mawili na kuyalinganisha kwa `diff`. Tofauti za tarehe na saini zipuuze. Mara nyingi kinachobaki ni mistari miwili mitatu, na kosa limo humo.

Ukiamua kulipeleka suala GitHub kwa watunzaji wa boto3, wapelekee matoleo manne yaliyochapishwa na amri ile ya mwanzo, msimbo mfupi unaorudia kosa, na kipande cha logi kilichotofautiana. Kabla ya kubandika, futa tokeni, namba ya akaunti na majina ya baketi. Logi hii haifichi chochote, na sehemu ya data yako inaweza kuwemo ndani yake.